Mwisho Uliopanda Treni

Nilikinunua shilingi mia, Kisutu, kwenye turubai,
kati ya kamusi iliyonyofoka herufi A
na mwongozo wa kufuga kuku wa nyama.
Jalada limeshikwa na plasta ya kidonda.
Ndani yake msichana, Nyamizi,
anatoka Urambo na begi la shule na kopo la uji,
anaifuata ngoma iliyozama Malagarasi
enzi za bibi wa bibi yake,
ngoma ambayo, wasema wasemao, hujipiga yenyewe
ikisikia jina la mtu aliyesahauliwa.

Nilisomea chini ya cherehani ya mama, Keko,
vipande vya vitenge vikinidondokea shingoni.
Umeme ukikatika, kibatari.
Mama akiuliza, "Somo gani hilo lisiloisha?"
"Jiografia."
Wala sikudanganya. Nilishapita Kaliua kwa miguu,
nilishalala Uvinza kwa wachemsha chumvi,
nilishajua mamba hulala kinywa wazi
na kwamba anayekuonyesha njia ya mkato
mtazame kwanza viatu.

Ukurasa wa mia na ishirini na nane.
*Nyamizi akainama juu ya maji, akavuta pumzi, akaita*

Basi.
Uzi mtupu. Gundi kavu kama ukoko.

Muuza vitabu hakuinua hata kichwa:
"Kurasa zikichomoka zinakwenda kwa kilo.
Waulize wauza karanga."

Wewe umewahi kutafuta mto kwenye karanga?
Mnazi Mmoja nilinunua, nikakunjua: risiti ya mabati.
Kidongo Chekundu: mtihani wa hesabu
wa mtu aliyepata nne, masikini.
Gerezani: nusu ya barua ya posa,
ile nusu ya salamu tu.
Nauli ya wiki nzima niliitafuna,
nikawa natembea kwa miguu kama Nyamizi,
tofauti yetu yeye hakuwa anaharisha.

Siku ya nne, mlangoni pa Stesheni,
nikamkuta Kondo na sinia lake.
Rika langu. Kaptula ya shule anayo, shule yenyewe hana.
Kila karatasi huisoma kabla hajaikunja,
na kwa kuwa zinazochomoka ni za mwisho,
Kondo alijua miisho kumi na saba
na mwanzo hata mmoja.
Alijua jini lilirudi chupani,
hakujua nani alilitoa.
Alijua kaburi liko chini ya mbuyu,
hakujua la nani.

"Ngoma? Malagarasi?" Akapiga ulimi.
"Nimeiuza Jumanne. Abiria wa Kigoma,
behewa la tatu, karanga za kumi na sita."

Yaani mwisho wa Nyamizi ulishapanda treni,
una mafuta na chumvi,
unavuka huko huko ulikoandikwa,
na mimi niko hapa na mwanzo mkononi
kama mtu aliyebaki na kiatu kimoja.

"Lakini nimeusoma," akasema. "Mara mbili.
Nipe mwanzo, nikupe mwisho.
Usirukeruke."

Tukakaa ukingoni mwa uzio.
Nikampa Urambo, kopo, vumbi la Kaliua.
Nikampa yule mzee muongo mwenye viatu vipya.
Wateja wakaja, akawapimia bila kuwatazama.
Nilipofika pale ambapo bibi anakataa katakata
kumtaja kaka yake mkubwa,
Kondo akaacha kikopo hewani.
"Kumbe!" akasema. "Kumbe ndiyo maana!"

Maana ya nini? Nilitaka kumkaba.

Ikafika zamu yake. Akafuta mikono kwenye kaptula,
akakohoa kama mtangazaji wa redio.
Nami, niliyezunguka mji mzima kwa ajili ya neno moja,
nikaziba masikio.
Si sana. Vidole viwili, vimelegea.

"Nyamizi akaita," Kondo akaanza,
na treni ikapiga honi, naye akasubiri ipite,
akanisogezea karanga, za bure, za moto bado,
na ile chumvi, naapa,
ilikuwa ya Uvinza.